Natema, Simezi

Subukia haina majira ya baridi,
kwa hiyo tunayatengeneza kwa mikono.
Mwezi wa pili tunaingia mistarini, wanawake kumi na wawili,
tunapukutisha majani kwa vidole
mpaka mzabibu ubaki uchi,
udanganyike kwamba theluji imeanguka,
ulale.
Wiki tatu. Kisha makasi, kisha maji,
nao unaamka ukidhani uko Bordo.

Majina yalikuja yameandikwa kwenye vibati,
tukayatamka jinsi ulimi ulivyokubali:
Merlo, Malbeki, Kabane Sovinyo, Peti Verdo.
Merlo tulimwita Kiherehere, huiva kabla hajaitwa.
Peti Verdo ni Kawia-Ufike,
na miaka mingine hafiki.
Kabane Fran ndiye baba yake Kabane Sovinyo,
lakini jina linalotajwa mezani ni la mwana;
baba yuko mstari wa mwisho, karibu na choo.
Nyaboke alicheka: kama kwetu tu.

Chini ya kila shina kuna kovu la kisu.
Mizizi ni ya Marekani, Bwana Delmas alitueleza,
kwa sababu kule kwao mdudu mdogo kuliko chawa
aliimaliza mizizi yote, zamani, babu yake hajazaliwa.
Wakakata, wakaunganisha, wakafunga kwa utepe.
"Mti hauulizi umetoka wapi," alisema.
"Ukifungwa vizuri, unashika."
Mimi nilizaliwa Keroka, nikakulia Molo
mpaka usiku ule wa magodoro barabarani,
nikaja kushikia hapa.
Sikusema kitu. Nilikaza utepe.

Kanisani kwetu hata kikombe cha Bwana ni maji ya zabibu,
hayajaguswa na chachu.
Basi aliponiita kwenye ghala la mapipa nilimwambia, siwezi.
Akanionyesha ndoo.
"Unaonja. Unatema."
Nilimpelekea Mzee Onchari swali hilo, karani wa kanisa.
Akafikiri Sabato mbili,
akarudi na jibu: Maandiko hayajataja ndoo.
Tangu hapo mimi ndiye pua ya shamba.

Siku ya kwanza Bwana Delmas alizungusha glasi,
akafumba macho, akanusa.
"Kasisi," akasema.
Nikachungulia ndani. Kasisi gani ameoga humu?
Kumbe ni tunda, dogo, jeusi, la vichaka vya kwao.
Sijaliona. Siwezi kuandika nisichokijua.
Niliandika zambarau,
zile zilizotutia madoa kwenye sare tukachapwa.
Niliandika penseli, imechongwa sasa hivi kwa wembe.
Akasoma, akanitazama, akanusa tena.
"Penseli," akasema polepole,
kama mtu aliyekumbushwa jina la mwalimu wake.

Siku hizi daftari ni langu.
Kabane Fran: pilipili hoho, na jani la nyanya ukilifikicha.
Malbeki: wino uliomwagika kwenye kitabu cha jirani.
Peti Verdo: ukali wa shangazi, unafaa tone moja tu.
Kabane Sovinyo: ngozi nene, anakataa kuongea,
mrudie baada ya miaka mitano.

Leo asubuhi tulifungua pipa la kumi na moja.
Merlo, mvua ilikuwa nzuri mwaka ule.
Kalamu iliandika kabla yangu:
plamu za Molo, zilizoanguka, nyigu juu yake.

Nikasimama.
Mti ulikuwa nyuma ya jiko.
Mama alizipika na sukari kidogo
kwenye sufuria isiyo na mkono,
na usiku tulioondoka zilikuwa zimeiva kabisa,
unazisikia zikidondoka gizani, pu, pu,
tukiwa tunatafuta kiatu cha pili cha mtoto.
Nani alizichuma sijui.
Labda hakuna aliyezichuma.

Bwana Delmas alisukuma ndoo kwa mguu, ikanifikia.
Akasubiri.
Nilikuwa na Molo nzima mdomoni.